Ukuta wa Nyuma ya Mlango

Mwandishi wa habari hii aliwahi kuingia katika nyumba ya Mbwana Sadala zaidi ya mara moja. Alikaribishwa kigoda, akapewa maji, akasifu usafi wa kuta, akaondoka. Hakugundua kwamba ukuta mmoja haukuwa umesiribwa. Sababu yake ni nyepesi: ukuta huo ulikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha ndani. Mchana mlango ulifunguliwa ukaufunika ukuta. Usiku mlango ulifungwa na ukuta ukabaki wazi, lakini wakati huo taa ilikuwa imekwisha kuzimwa. Hapakuwa na saa yoyote ambayo ukuta ule na macho ya watu vilikutana.

Nyumba hiyo ilikuwa Kwedikuyu, upande wa Handeni, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwenye boma la Waingereza. Mwaka ulikuwa 1938, mwezi wa Shaabani. Kila Shaabani wanawake wa Kwedikuyu waliitengeneza nyumba kabla ya Ramadhani kuingia, na Mwaija, mke wa Mbwana, alikuwa mwangalifu kuliko wengi. Aliamini kwamba nyumba huanza kuchoka mahali pasipotazamwa. Kwa hiyo hakuanza na ukuta wa mbele kama majirani zake. Alianza na dari ya fito iliyo juu ya meko, akaifagia masizi kwa tawi bichi. Akapitisha kitambaa chenye majivu juu ya mwimo wa mlango, mahali ambapo mkono wa mtu hufika lakini jicho halifiki. Akatia mafuta ya nyonyo kwenye bawaba, akatoa kitanda nje na kukiacha juani kamba zikiwa zimeelekea juu, akaziba kwa udongo wa kichuguu matundu ya panya yaliyokuwa chini ya kichaga cha mitungi. Alipomaliza yote hayo ndipo alipofunga mlango wa chumba cha ndani akiwa ndani mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akauona ukuta.

Hali ya ukuta ilimshtua. Kuta nyingine zote zilikuwa laini na nyeupe, na huu ulikuwa na mabaka, nusu umesiribwa na nusu umeachwa, kana kwamba aliyekuwa akiupaka aliitwa nje na hakurudi. Mwaija aliona haya, ingawa hapakuwa na mtu mwingine chumbani isipokuwa binti yake mchanga, Mwatumu, aliyelala kwenye mkeka.

Aliulowesha udongo wa zamani ili udongo mpya upate kushika. Ukuta ulikunywa maji kwa pupa. Palipolowa, alama za vidole zilijitokeza, zile nusu duara ambazo kiganja huziacha kinapopaka. Baada ya alama vikajitokeza vidole vyenyewe, baada ya vidole viganja, na baada ya viganja mikono mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa mikono miwili ya mwanamke, wa kulia na wa kushoto, imeachana kwa upana wa mabega. Ilikunja vidole na kuvikunjua. Kisha ikakinga.

Mwaija aliweka donge la udongo katika kiganja cha kulia, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu naye. Mikono ikaanza kusiriba. Ilisiriba vizuri kuliko yeye, na ilipofika mwisho wa urefu wake, Mwaija alimalizia sehemu zilizobaki juu na chini.

Jioni Mbwana alirudi kutoka shambani. Mwaija alimmiminia maji ya kunawa.

"Nyuma ya mlango kuna mikono," alimwambia.

"Ya nani?"

"Sikuiuliza."

Mbwana aliingia chumbani, akasukuma mlango kidogo, akachungulia. Alikaa huko kwa muda mfupi tu.

"Ni ya Chausiku," alisema alipotoka. "Lile kovu la kifundoni ni la mafuta ya maandazi. Nilidhani aliondoka nayo."

Chausiku alikuwa mke wa Mbwana kabla ya Mwaija. Aliishi katika nyumba ile miaka mingi bila kupata mtoto, kisha akapewa talaka. Mwaija alilijua jina lake, na hakuwahi kuonana naye.

"Imebakije?" aliuliza.

"Siku ile alikuwa anasiriba pale pale. Mashahidi walikuwa wamekwisha fika na walikuwa na safari yao. Nilimwita nje, hakutoka upesi, basi nikampa talaka akiwa ndani."

"Alinawa?"

Mbwana alifikiri. "Sikumbuki kama alinawa," alisema, akauliza kama ugali umeiva.

Tangu siku ile mikono ilifanya kazi katika nyumba ya Mbwana. Haikuweza kutoka ukutani, kwa hiyo kazi ilipelekwa mbele yake. Ilipukuchua mahindi, ilichambua kunde, ilikanda unga wa maandazi. Ilipopewa ukindu ilisuka mikeka. Mwaija aliizoea kama mtu anavyozoea mwanga wa dirisha jipya. Siku moja, akiwa na sufuria motoni na mtoto akilia, alimweka Mwatumu katika mikono ile ili apate kugeuza chakula. Mikono ilimpokea mtoto, mmoja chini ya kichwa na mmoja chini ya mgongo, ikambembeleza. Mtoto akanyamaza. Kabla ya Ramadhani kwisha, Mwatumu alikuwa halali mahali pengine popote.

Majirani walikuja kutazama. Bi Semeni wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye maneno, alileta karanga zake zimenywe.

"Mwenzetu umepata mke mwenza wa maana," alimwambia Mwaija. "Hali, hanuni, na siku ya Idi haombi kanga."

"Ndiyo maana Baba Mwatumu hajalalamika," Mwaija alijibu.

"Alalamike nini? Mwambie akizidisha maringo, hiyo mikono inajua njia ya shingo yake."

Walicheka. Mikono iliendelea kumenya karanga.

Karani wa bomani, Jonathan, naye alikuja kuhesabu nyumba kwa ajili ya kodi. Alionyeshwa mikono, akaitafakari, akasema kwamba sheria ya serikali inataja nyumba na vichwa na haikutaja mikono. Kwa kuwa alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, aliipa mkono kabla ya kuaga, wa kulia tu.

Baada ya Idi, Bi Semeni alipanda lori kwenda Korogwe na mikeka ya kuuza. Aliipeleka katika duka la Akber, karibu na mto, ambako Kulsum, mke wa Akber, ndiye aliyenunua mikeka. Kulsum aliukunjua mmoja juu ya meza, akapitisha kidole kwenye upindo.

"Huu ni wa Chausiku," alisema. "Zamani aliniletea kila msimu. Hakuna mwingine anayepinda hivi pembeni. Lakini mama, yule hana mikono. Yupo Makuyuni kwa kaka yake. Kaka yake huja hapa kununua chumvi, ndiye aliyeniambia."

"Iko kwetu," alisema Bi Semeni.

"Mizima?"

"Mizima kabisa. Ndiyo iliyosuka huo."

Kulsum alinunua mikeka yote. Mndolwa, kaka yake Chausiku, alipofika kununua chumvi, Kulsum alimweleza kwamba mikono ya dada yake iko Kwedikuyu na iko katika hali nzuri.

Chausiku alifika Kwedikuyu pamoja na Mndolwa asubuhi, jua likiwa bado la upole. Alikuwa amefunikwa kanga mabegani kama siku aliyoondoka. Siku ile mzigo wake ulibebwa na kaka yake, na kwa kuwa hakupewa kitu cha kushika, hakuna aliyeona kwamba alikuwa ameondoka pungufu. Mndolwa mwenyewe aligundua walipofika Makuyuni, alipompa kata ya maji nayo ikaanguka chini.

Mwaija alikuwa uani peke yake. Mbwana alikuwa shambani.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye Mwaija."

"Ndiye mimi."

"Nimekuja kutazama mikono yangu."

Mwaija alimwingiza chumbani na kufunga mlango ili ukuta uonekane. Mndolwa alibaki nje. Mikono ilikuwa imemshika mtoto aliyelala. Chausiku alisimama mbele yake. Kisha Mwaija alimchukua mtoto, na mikono, ilipokuwa huru, ikamgusa Chausiku usoni. Ilimfuta jasho la njiani. Ilimfungua kilemba kilicholegea, kilichofungwa na wifi yake kwa haraka, ikamfunga upya kwa namna aliyokuwa akiipenda.

"Wifi yangu si mtu mbaya," Chausiku alisema. "Ananilisha. Lakini ananilisha yeye akiwa ameshiba, na ana watoto, na ana shamba. Najua anavyopumua anapokaa mbele yangu na sahani. Kuniosha ndiyo sitaki hata kusema. Nataka nijilishe mwenyewe, nijioshe, nitie udhu kwa mkono wangu. Sina haja nyingine."

"Ndiyo, dada."

"Inamshika vizuri mtoto?"

"Vizuri sana."

"Sikujua nashika hivyo," alisema Chausiku.

Aliugeukia ukuta, akaulaza mgongo wake mahali ambapo mikono ilitokea, akasogea kushoto, akasogea kulia, akitafuta pa kukutana nayo. Mikono ilimzunguka kwa nyuma ikamkumbatia. Lakini alipoondoka ukutani iliachia, kwa kuwa ilifika mwisho wa urefu wake.

Habari kwamba Chausiku yuko Kwedikuyu ilienea kabla ya adhuhuri, na watu walishtuka. Kilichowashtua ni kwamba mwanamke aliyeachwa ameingia katika chumba cha kulala cha mwanamume aliyemwacha, bila mzee wa kijiji kusimama mlangoni. Wazee wawili waliacha kazi zao shambani kwa ajili ya aibu hiyo. Zumbe Mhina, aliyekuwa mkuu wa vijiji vile kwa niaba ya serikali na kwa haki ya ukoo wake, aliitwa. Alikuja na kiti chake, akaketi kwenye baraza ya nyumba ya Mbwana. Alitaka kwanza jambo la chumba lielezwe. Ilipofahamika kwamba Mbwana hakuwemo, shauri la mikono likafuata.

Desturi ya Kwedikuyu kuhusu talaka ilikuwa wazi. Kinachobebeka ni cha mwanamke, na kilichoshikana na nyumba ni cha mwenye nyumba. Chausiku alipoondoka alichukua kinu, vyungu na mkeka wake wa kulalia. Aliyaacha mafiga, ingawa aliyachagua mwenyewe mtoni, kwa kuwa yalikuwa yamechimbiwa.

"Zumbe," alisema Chausiku, "miti ya nyumba hii ilikatwa na Mbwana. Sikatai. Udongo niliuchimba mimi, maji niliyachota mimi, na kuta zote nilizipaka mimi. Sidai ukuta. Nadai kitu kilichokuwa mwilini mwangu."

"Ulipoondoka hukukidai," alisema Zumbe Mhina.

"Nilikuwa nimepewa talaka, Zumbe. Nilikuwa nalia. Mtu anayelia hakagui mwili wake."

"Mikono inabebeka," alisema Mndolwa. "Kama jembe linabebeka na mikono inabebeka. Tena mikono ndiyo inayolibeba jembe."

"Basi ibebe, shemeji," alisema Mbwana, aliyekuwa amefika na jembe begani. "Nani amekuzuia?"

Zumbe aliona kwamba hilo ni la haki. Kigingi, figa na nguzo vikigombewa Kwedikuyu hujaribiwa kwa kuvutwa: kinachotoka kilikuwa kimewekwa tu, na kisichotoka kimeshikana. Alichagua vijana wawili wenye nguvu. Waliingia, wakaishika mikono ya Chausiku kila mmoja wake, wakavuta. Chausiku, aliyekuwa amesimama uani, alikunja uso na kuuma mdomo. Ukuta ulitikisika na nyasi za paa zikamwaga vumbi, lakini mikono haikutoka. Vijana walirudi, wakatoa taarifa kwamba imeshikana.

"Tuukate ukuta," alisema Mndolwa. "Kipande kidogo tu, nitakibeba kwa kichwa. Nitaleta mti wa kushikilia paa, na nitaukandika upya mimi mwenyewe."

Baadhi ya wazee walitikisa vichwa kukubali. Mbwana alisema kwamba ukuta huo ndio uliobeba mwamba wa kati wa paa, na kwamba shemeji yake hajui kukandika. Zumbe alimgeukia Mwaija, aliyekuwa ameketi kizingitini na Mwatumu mapajani. Alisema kwamba anayeishi na kitu naye asikilizwe.

"Mama Mwatumu, wewe unasemaje? Ukuta ukatwe?"

Chausiku alimtazama Mwaija. Mtoto alikuwa akilia tangu alipotolewa mikononi, na sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.

"Mtoto amezoea," Mwaija alisema.

Zumbe alisubiri, na alipoona kwamba maneno yamekwisha, alitoa uamuzi.

"Mikono ni ya Chausiku, hakuna anayebisha," alisema. "Kovu ni lake na usukaji ni wake. Lakini imeshikana na nyumba, na nyumba ni ya Mbwana. Nikisema leo ukuta ukatwe, kesho atakuja mwingine adai mgongo wake ulioko shambani. Keshokutwa atakuja wa tatu adai macho yake yaliyoko kwenye moshi wa jikoni. Tutabomoa nyumba ngapi? Tutafukua mashamba mangapi? Hapatabaki kijiji. Mikono itabaki ilipo. Chausiku ana ruhusa ya kuja kula, mradi Mbwana asiwemo ndani na mlango wa nje uwe wazi."

Wazee waliona kwamba Zumbe amekuwa mpole. Mmoja alisema kwamba mtangulizi wake asingetoa ruhusa hiyo ya kula. Mbwana alimshukuru Zumbe, akamwambia Mndolwa, "Shemeji, tusiwekeane kinyongo," akachukua jembe lake akarudi shambani. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma ya ua. Bi Semeni, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno, alikuwa akitazama viganja vyake.

Mwaija alipika. Aliweka ugali na mlenda kwenye kigoda, chini ya ukuta wa nyuma ya mlango, na Chausiku akaketi mbele yake juu ya mkeka. Mkono wa kulia ulinawa katika bakuli. Ulimega, ukafinyanga, ukachovya, ukamlisha. Uliujua ukubwa wa tonge lake. Ulisubiri amalize kutafuna. Chausiku alikula polepole, macho akiwa ameyafumba, na Mwaija alisimama kando akimtikisa mtoto aliyekuwa hataki kunyamaza.

"Dada," alisema Mwaija, "nilitaka kusema vingine."

"Ulisema kilicho kweli. Mtoto amezoea."

"Ningesema ukatwe."

"Ungesema," alisema Chausiku. "Mpe mwenzio maji, tonge limenikaba."

Mwaija alitafuta kata, akiwa na mtoto mkono mmoja. Wakati huo kilio cha Mwatumu kilipanda. Mkono wa kulia uliacha tonge katikati ya njia, juu ya sahani, na mikono yote miwili ikanyooshwa kwa mtoto. Chausiku alikuwa bado na chakula mdomoni. Aliitazama mikono yake, ikiwa imenyooshwa kupita bega lake, vidole vimetanuka.

"Mpe kwanza," alisema.

Mwaija alimweka mtoto mikononi. Mtoto alinyamaza. Sahani ilibaki kwenye kigoda na ugali ukapoa, kwa kuwa mikono haikuwa tena na nafasi, na Mwatumu alilala mpaka alasiri. Mwaija alimnywesha Chausiku maji kwa kata. Alimuuliza kama amlishe kilichobaki, na Chausiku akasema kwamba ameshiba.

Mndolwa alimfunika dada yake kanga mabegani. Waliondoka wakati vivuli vilipokuwa virefu, wapate kuliwahi lori la kurudi Korogwe. Chausiku hakurudi tena Kwedikuyu kula. Safari ilikuwa ndefu, na wifi yake alisema kwamba ni rahisi zaidi kumlisha nyumbani. Mikono iliendelea kukaa nyuma ya mlango katika nyumba ya Mbwana Sadala, ikapokea watoto wengine wanne wa Mwaija, kila mmoja kwa wakati wake. Hakuna aliyeleta shauri hilo mbele ya Zumbe mara ya pili.

Shaabani iliyofuata, Mwaija alivunja kimoja kati ya vibuyu vyake, akachagua kipande kilichopinda vizuri, akasiriba nacho nyumba nzima bila kiganja chake kugusa ukuta. Bi Semeni aliona, akavunja cha kwake. Tangu mwaka ule wanawake wa Kwedikuyu husiriba kwa kipande cha kibuyu, na kuta zao hazina alama za vidole.